John Wooden: Mwalimu wa Kiingereza aliyeanza na soksi

Ripoti za shule zikitoka, wazazi wengi tunafanana. Mtoto anaingia na karatasi mkononi, macho chini. Sisi tunaruka maoni ya mwalimu wa darasa na kwenda moja kwa moja kwenye alama, na kabla hatujafika mwisho wa ukurasa swali limeshatutoka: "Wenzio wamepata ngapi?"

Mwaka 1934, huko Marekani, swali la aina hiyo lilimkera kijana mmoja aliyekuwa akifundisha Kiingereza sekondari. Jina lake John Wooden. Alikuwa amegundua jambo la kuchekesha kuhusu wazazi. Mtoto wa jirani akipata C, wanasema si mbaya, kwani watoto wa jirani ni wa kawaida tu. Mtoto wao akiipata C hiyo hiyo, basi ama mtoto ni mvivu ama mwalimu hajui kazi yake.

Wooden aliona hiyo si haki, kwa mtoto wala kwa mwalimu. Akakaa chini akaandika maana yake mwenyewe ya kufanikiwa: ni utulivu wa moyo anaoupata mtu anapojua kwamba amejitahidi kadiri ya uwezo wake wote. Hakutaja kuwashinda wenzake, wala kuwa wa kwanza darasani.

Kwa bahati, huyu aliyesema ushindi si kipimo ndiye aliyekuja kutwaa ubingwa wa taifa mara nyingi kuliko kocha yeyote wa mpira wa kikapu wa wanaume katika vyuo vikuu vya Marekani. Akiwa na timu ya UCLA ya Los Angeles alitwaa ubingwa wa taifa mara 10 katika miaka 12, kati ya 1964 na 1975, mara 7 kati ya hizo mfululizo. Kuna wakati vijana wake walicheza mechi 88 bila kupoteza hata moja. Lakini ukimuuliza kazi yake, alikuwa akijibu kwamba yeye ni mwalimu.

Alizaliwa Oktoba 14, 1910, katika kijiji cha Hall, jimbo la Indiana, akakulia shambani. Nyumba yao haikuwa na umeme wala bomba la maji ndani. Baba yake, Joshua, alikuwa mkulima mwenye nguvu na maneno machache, na jioni aliwasomea wanawe wanne mashairi na Biblia kwa mwanga wa taa.

Kuna kisa cha baba huyo ambacho Wooden alikisimulia hadi uzeeni. Siku moja katika shimo la kokoto, kijana mmoja alikuwa akiwalazimisha farasi wake wawili kuvuta mkokoteni uliojaa. Magurudumu yamezama kwenye mchanga wenye maji, kijana anapiga kelele na kuchapa mijeledi, farasi wanatoka mapovu na kuparamiana. Mzee Joshua akaomba awashike yeye. Akawasemesha taratibu, akawapapasa pua, akaenda katikati yao huku ameshika hatamu. Walipotulia, akatembea nao, na mkokoteni ukapanda juu. Mtoto aliyekuwa akitazama pembeni hakusahau kwamba mijeledi haikuwa imesaidia kitu.

Mzee huyo huyo alipoteza shamba. Alikopa fedha, akanunua nguruwe, wakafa baada ya kudungwa chanjo iliyokuwa mbovu. Ukame ukamalizia mazao, na benki ikachukua ardhi. Familia ikahamia mji mdogo wa Martinsville, baba akaenda kufanya kazi ya kuhudumia wagonjwa katika nyumba ya matibabu. Wooden alisema hakuwahi kumsikia baba yake akilalamika kuhusu shamba lile, wala kumlaumu aliyemuuzia chanjo. Mtoto huona mzazi anavyobeba hasara, hata kama hatumwelezi lolote.

John alipomaliza shule ya msingi, baba alimpa kikaratasi chenye maagizo saba ya kuishi nayo: kuwa mkweli kwa nafsi yako, kusaidia wengine, kusoma vitabu vizuri, kuutunza urafiki, kujiwekea akiba ya siku mbaya na mengine ya namna hiyo. Nakala yake aliibeba kwenye pochi kwa miaka mingi.

Martinsville ndipo alipokutana na Nell Riley. Siku moja ya kiangazi Nell na wenzake walifika kwa gari karibu na shamba, wakamkuta John analima. Wakampungia mkono aje. Hakwenda. Shule zilipofunguliwa Nell akamfuata kumuuliza kisa cha dharau ile. Kijana akasema alikuwa na jasho na matope, aliogopa angechekwa. Nell akamwambia yeye hawezi kumcheka kamwe. Kuanzia hapo hakumtazama msichana mwingine.

Waliahidiana kuoana akimaliza Chuo Kikuu cha Purdue, ambako alikuwa mmoja wa wachezaji bora nchini. Mwaka 1932 alikuwa ameweka benki dola 909 na senti 5 kwa ajili ya kuanza maisha. Siku chache kabla ya harusi benki ikaanguka, kama zilivyoanguka nyingi katika miaka ile ya mdororo wa uchumi, na akiba yote ikapotea. Ilibidi akopeshwe na baba wa rafiki. Harusi ilifungwa Agosti 8 kama ilivyopangwa.

Kazi ya kwanza ilikuwa ualimu huko Dayton, Kentucky: Kiingereza darasani, michezo jioni. Mwaka wa kwanza timu yake ilipoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Baadaye akahamia South Bend, Indiana, akakaa miaka tisa akifundisha Kiingereza na kusimamia timu, hadi vita vilipomwita jeshi la wanamaji. Nyumbani walikuwa na watoto wawili, wa kike na wa kiume. Kabla ya kila mechi aligeuka kutafuta alipoketi Nell, akamkonyeza. Desturi hiyo waliianza wakiwa wanafunzi, Nell akipiga tarumbeta katika bendi ya shule, na haikuisha hadi siku ya mwisho ya kazi.

Baada ya vita alipewa timu ya chuo cha ualimu cha jimbo la Indiana. Mwaka 1947 timu ilialikwa kwenye mashindano ya taifa, lakini waandaaji walikuwa hawaruhusu wachezaji weusi, na Wooden alikuwa na mmoja, Clarence Walker. Walker hakuwa nyota; alikuwa mchezaji wa akiba. Wooden akakataa mwaliko kwa timu nzima. Mwaka uliofuata waandaaji waliondoa marufuku, na Walker akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kucheza katika mashindano hayo. Kwangu mimi tukio hili lina uzito kuliko vikombe vyote vilivyofuata.

Hata kwenda kwake UCLA mwaka 1948 kulitokana na kulinda neno. Yeye alitaka Minnesota. Chuo hicho kiliahidi kumpigia simu saa fulani, dhoruba ya theluji ikakata mawasiliano, simu ikachelewa. UCLA wakapiga, naye akidhani Minnesota wamebadili mawazo, akakubali. Muda mfupi baadaye Minnesota wakapata laini na kumpa kazi. Alikuwa ameshatoa ahadi, akafungasha kwenda California.

Huko hakukuwa na miujiza. Miaka 15 ilipita bila ubingwa wa taifa. Mshahara haukutosha, na kwa muda alikuwa akifanya kazi ya asubuhi katika kampuni ya maziwa kabla ya kwenda mazoezini. Wazazi wanaowabadilishia watoto shule kila mhula kwa sababu matokeo hayajaonekana wana la kutafakari hapo.

Mazoezi ya kwanza ya kila msimu yalianza na soksi. Wachezaji waliotoka sekondari na sifa kubwa walishangaa kumwona mzee amekaa nao, akiwaonyesha jinsi ya kuvuta soksi na kulainisha mikunjo kwenye kisigino na vidole, kisha kukaza kamba tundu baada ya tundu. Sababu ilikuwa ya wazi: mkunjo huleta lengelenge, na mwenye lengelenge hawezi kukimbia. Aliwapima hata miguu, maana vijana wengi walivaa viatu vikubwa kuliko saizi yao.

Katika msimu wake wa mwisho, wanasaikolojia Ronald Gallimore na Roland Tharp walikaa pembeni ya uwanja wakiandika kila alichosema. Walihesabu maneno na vitendo 2,326. Sifa zilikuwa chini ya asilimia 7, na karipio nalo chini ya asilimia 7. Sehemu kubwa ilikuwa maelekezo mafupi: fanya hivi, si hivyo, rudia. Hebu tujihesabu na sisi siku moja tukiwa na watoto mezani wakati wa kazi za shule, tuone ni maneno mangapi yanamwonyesha mtoto jinsi ya kufanya na mangapi yanamwambia tu kwamba amekosea.

Hakuwa laini. Bill Walton, mchezaji bora wa taifa, alirudi kutoka mapumzikoni na ndevu, akidai ni haki yake. Wooden akamuuliza kama kweli anaamini hivyo. Walton akasema ndiyo. Mwalimu akajibu kwamba anawaheshimu watu wenye msimamo, na kwamba timu itamkumbuka sana. Walton akapanda baiskeli kwenda kunyoa.

Wala hakuwa malaika. Waamuzi walimjua kwa ulimi wake, huku amekunja karatasi ya ratiba mkononi kama filimbi. Kulikuwa pia na tajiri mmoja shabiki wa timu aliyekuwa akiwapa wachezaji zawadi kinyume cha kanuni. Chuo kiliadhibiwa mwaka 1981, miaka sita baada ya Wooden kustaafu. Yeye mwenyewe alikubali kwamba huenda hakutazama pembeni vya kutosha. Nadhani hilo ni kosa ambalo wazazi wengi wanalijua: mtoto yuko vizuri, hatuulizi viatu vipya vimetoka wapi.

Baada ya kustaafu, Nell aliugua. Alipoteza fahamu kwa zaidi ya miezi mitatu, na madaktari wakamwambia mumewe aendelee kuzungumza naye hata kama hajibu. Alikaa kando ya kitanda siku baada ya siku, akizungumza. Siku moja mkono wa Nell ukaubana wa kwake. Walipata muda zaidi pamoja, hadi alipofariki Machi 21, 1985.

Kuanzia hapo, kila tarehe 21 ya mwezi, Wooden alikwenda kaburini, kisha akarudi nyumbani kumwandikia Nell barua. Alimweleza habari za watoto, wajukuu na vitukuu, akaikunja, akaiweka kwenye mto wa mkewe. Barua zilirundikana, akazifunga kwa utepe. Yeye alilala upande wake wa kitanda, juu ya shuka, bila kuingia ndani.

Mwaka 2003 UCLA walitaka kuupa uwanja wao jina lake. Alikubali kwa sharti kwamba la Nell litangulie, na ndivyo lilivyoandikwa: Nell and John Wooden Court.

Aliendelea kuandika barua hadi macho yalipokataa, katika miezi yake ya mwisho. Alifariki Juni 4, 2010, akiwa na miaka 99, akazikwa pembeni ya Nell jijini Los Angeles.