Mpiga dramu hodari hupimwa kwa kipi?

WAHENGA walinena kwamba ngoma ivumayo haidumu. Lakini ukikaa na mashabiki wa muziki wa roki wanapobishana kuhusu bingwa wa dramu, utadhani methali hiyo hawajawahi kuisikia. Kwao, mwenye kuvuma ndiye mshindi. Huyu atamsifu anayepiga kwa kasi, yule atamtaja anayepiga kwa kishindo, na wa tatu ataapa kwamba hakuna kama yule aliyevunja vijiti vinne katika wimbo mmoja.

Je, msomaji mpenzi, hicho kweli ni kipimo cha haki? Swali hili si la kupotezea wakati tu. Hapa Shanzu, kaskazini mwa Mombasa, kabla hujavuka daraja la Mtwapa, kuna watu ambao unga wao hutegemea jibu lake. Nao ni wapiga dramu wa bendi za hotelini.

Tangu utalii uliposhika kasi katika pwani yetu, bendi za hoteli zimekuwa chuo cha wanamuziki wengi. Them Mushrooms, bendi ya ndugu wa ukoo wa Harrison iliyoanzishwa mwaka wa 1972, ilijijenga kwa kuwatumbuiza wageni wa hotelini kabla ya kuhamia Nairobi mwaka wa 1987. Wimbo wao "Jambo Bwana", uliotungwa na Teddy Kalanda, umezunguka dunia nzima. Safari Sound nao walipata sifa kwa njia iyo hiyo.

Hebu ifikirie kazi ya usiku mmoja. Mgeni kutoka Uingereza anaomba wimbo wa Beatles. Mjerumani anataka roki nzito. Wapenzi waliotoka Nairobi wanataka rumba, na mwenye kusherehekea ndoa yake anataka chakacha. Mwimbaji anaweza kupumzika, na mpiga gitaa anaweza kubadilishana na mwenzake. Mpiga dramu ni mmoja, na haondoki kitini. Hata hivyo, bendi ikisifiwa, yeye hutajwa mwisho. Wapo hata wanaosema kwamba hawa wa hotelini ni waigaji tu na hawawezi kusimama kando ya majabali wa Ulaya.

Basi tuanze na majabali hao wenyewe.

MAJABALI WA ROKI

John Bonham wa Led Zeppelin alizaliwa Uingereza mwaka wa 1948 na kufariki Septemba 1980 akiwa na umri wa miaka 32 tu. Mguu wake wa kulia uliipiga ngoma kubwa ya chini kwa nguvu na wepesi uliowashangaza wengi. Katika wimbo wa "Moby Dick" aliachiwa jukwaa peke yake, na mara nyingine alivitupa vijiti na kupiga kwa mikono mitupu, kama afanyavyo mpiga ngoma wetu yeyote wa kijijini. Alipofariki, wenzake walitangaza Desemba mwaka uo huo kwamba hawataendelea na bendi bila yeye.

Keith Moon wa The Who, aliyefariki mwaka wa 1978, alikuwa wa aina nyingine. Hakutulia. Kila nafasi aliyoiona kwenye wimbo aliijaza. Bendi yake ilimtafuta mwingine ikaendelea.

Kisha yuko Ringo Starr wa Beatles. Huyu ndiye anayechekwa zaidi. Upo mzaha maarufu kwamba hakuwa hata mpiga dramu bora ndani ya Beatles, na mzaha huo umebandikwa jina la mwenzake John Lennon ingawa hakuna ushahidi kwamba aliutamka. Ringo hakupenda kupiga peke yake kwa madaha. Lakini sikiliza wimbo wa "Come Together" uone jinsi dramu inavyouvuta wimbo wote bila kumziba mwimbaji. Yeye hutumia mkono wa kushoto, ila akaketi kwenye seti iliyopangwa kwa mtu wa mkono wa kulia. Kwa sababu hiyo, mapigo yake huzunguka ngoma kwa njia ambayo wengi wamejaribu kuiga wakashindwa.

Wa nne ni Ginger Baker wa bendi ya Cream, aliyezaliwa mwaka wa 1939 na kufariki mwaka wa 2019. Baker alikuwa mkali wa ulimi. Aliwahi kudai hadharani kwamba Bonham hakuwa na ule mnesonneso ambao wanamuziki wa jazi huuthamini kuliko nguvu. Mashabiki wa Bonham hawajamsamehe hadi leo. Lakini tazama alikokwenda Baker mwenyewe kutafuta elimu. Akiwa kijana, mwalimu wake Phil Seamen alimsikilizisha rekodi za ngoma za Afrika. Mwaka wa 1971 alikata jangwa la Sahara kwa gari hadi Nigeria, akapiga pamoja na Fela Kuti, na baadaye akajenga studio mjini Lagos.

Huko Lagos alimkuta Tony Allen, mpiga dramu wa Fela. Mwaka wa 1978, kwenye tamasha la jazi la Berlin, wawili hao walipiga dramu pamoja kwa takriban dakika 16, na rekodi yake ipo. Isikilize, msomaji. Baker anagonga kama mtu anayebisha mlango. Allen anapiga kama mtu anayezungumza na rafiki, na kila mguu na kila mkono wake una hoja yake. Si rahisi kusema nani kashinda, maana si mashindano. Kila mmoja anampa mwenzake nafasi.

Hapo ndipo kipimo cha kweli kinapoanza kuonekana.

ELIMU ILIYOPO MLANGONI

Kama Baker alivuka jangwa kuitafuta elimu hii, kijana wa Shanzu anayo mlangoni. Chukua chakacha. Kwa kawaida huendeshwa na ngoma tatu: msondo, vumi na chapuo. Vumi hutoa sauti nzito ya chini, na chapuo hujibu kwa sauti nyepesi. Kila ngoma ina mpigaji wake.

Jaribu mwenyewe sasa hivi. Hesabu moja hadi sita, polepole, urudie bila kukatiza. Gonga mguu kwenye moja na nne. Ukishazoea, piga makofi kwenye moja, tatu na tano. Mguu umegonga mara mbili, na mikono mara tatu, katika muda ule ule. Wengi hukwama hapo. Huo ndio msingi wa midundo ya aina ya chakacha, na ndio unaomfanya mchezaji atikise kiuno kwa hesabu moja huku mabega yakifuata nyingine.

Sasa mpiga dramu wa hotelini hana wenzake watatu. Sauti ya vumi anaipeleka kwenye ngoma ya mguu wa kulia. Chapuo anaigawia mikono. Mguu wa kushoto unafungua na kufunga matoazi. Mtu mmoja anafanya kazi ya kundi zima. Wimbo ukiisha, mgeni anaomba roki, na papo hapo anabadilisha hesabu iwe ya nne: mguu kwenye moja na tatu, kijiti cha mkono wa kushoto kwenye mbili na nne. Ukija wimbo wa rege, pigo la kwanza analiacha tupu na uzito wote unatua kwenye la tatu. Haya yote bila kusimamisha muziki.

Wamijikenda nao wana hazina yao. Sengenya ya Wadigo na Waduruma huhitaji ngoma kadhaa zinazojibizana pamoja na upatu na nzumari. Mtoto aliyekua akisikia hayo ana sikio ambalo vyuo vya Ulaya hulifundisha kwa miaka.

PIGO MOJA LILILOTEKA MIJI

Ukitaka ushahidi kwamba ubingwa si wingi wa mapigo, nenda Kinshasa. Kundi la Zaiko Langa Langa lilianzishwa huko mwishoni mwa mwaka wa 1969. Mpiga dramu wake, Meridjo Belobi, ndiye anayetajwa kuwa baba wa mdundo wa kavacha, unaosimuliwa kuwa ulitokana na mlio wa garimoshi. Ni mdundo mfupi unaojirudia bila kuchoka kwenye ngoma ndogo yenye nyaya chini yake. Katika miaka ya 1970 uliingia Nairobi pamoja na bendi za Wakongo kama Super Mazembe na Les Mangelepa, na tangu hapo haukutoka tena.

Belobi hakuhitaji kuwashinda Bonham na Moon kwa kishindo. Alipata pigo moja ambalo mamilioni ya watu hawakuweza kulisikia wakabaki wameketi.

Au sikiliza "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyochipuka mwaka wa 1978 kutoka Simba Wanyika, ambao nao walikuwa wamejikita Mombasa mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970. Dramu ya Rashid Juma haijitokezi mbele hata kidogo. Lakini ifikirie haipo, na utaona jinsi magitaa yote yanavyopwaya kama tanga lisilo na mlingoti.

MASHINE IMEINGIA

Sasa tufike kwenye uchungu wa jambo lenyewe. Utalii wa pwani umepigwa mara nyingi: ghasia za Likoni za Agosti 1997, shambulizi la Kikambala la Novemba 2002, na korona ya mwaka wa 2020. Hoteli kadhaa za Shanzu zilifungwa, zikiwamo zile za African Safari Club ambazo zamani zilijaa wageni. Hoteli zilizobaki zilianza kubana matumizi. Bendi ya watu wanane ikawa ya wanne, na ya wanne ikawa mtu mmoja na kinanda chake cha umeme.

Na ndani ya kinanda hicho, msomaji, mna mpiga dramu. Ukibonyeza kidude, unapata roki. Ukibonyeza kingine, unapata rumba. Hachoki, haombi nauli ya kurudi Kisauni usiku wa manane, wala haulizi mshahara.

Basi kama ubingwa ni kasi, mashine imeshinda zamani. Kama ni kutokosea, imeshinda. Kama ni kishindo, ongeza sauti tu. Wale wanaobishana kwa kuhesabu mapigo hawajui kwamba wanaipigia kura mashine, na wanamnyima kazi mtu wa mtaani mwao.

Kitu ambacho mashine haiwezi ni kutazama. Haioni kwamba bibi harusi amechoka na wimbo unafaa kufungwa. Haisikii kwamba mwimbaji amesahau ubeti na anahitaji kuzungushiwa mara moja zaidi. Haijui kupunguza sauti mzee anaposimama kucheza, wala kuichochea ngoma pale ukumbi unapoanza kupoa. Mpiga dramu hodari hufanya hayo yote kwa kutupa jicho mara moja.

JINSI YA KUMPIMA

Kwa hivyo, utakapokwenda kwenye harusi au hotelini, usimpime mpiga dramu kwa jasho lake. Mpime hivi.

Kwanza, tazama miguu ya wachezaji. Ikiwa wote wanakanyaga pamoja bila kufikiri, muda wake umetulia. Pili, sikiliza kama unayasikia maneno ya mwimbaji. Anayemfunika mwimbaji hajui kazi, hata akiwa na mikono minne. Tatu, mtazame anapobadilisha mdundo: je, wachezaji wanajikwaa, au wanapita kama gari lililobadilishwa gia na dereva mzoefu? Nne, msikilize anapopiga wimbo wa polepole. Kasi huficha makosa mengi, ila wimbo wa taratibu huyaanika yote. Mwisho, angalia kama anawatazama wenzake. Asiyewatazama anajipigia mwenyewe.

Ukitumia vipimo hivi, utaona kwamba Ringo anapanda ngazi kadhaa na baadhi ya wavunja vijiti wanashuka. Bonham anabaki juu, kwa maana chini ya kishindo chake muda ulikuwa umetulia kama mwamba. Na utashangaa kumkuta kijana wa bendi ya hotelini hapa Shanzu akiwa karibu nao kuliko ulivyodhani. Hana jina lao, wala studio, wala fedha. Lakini katika kazi ya kuwashika watu wa mataifa manne kwenye ukumbi mmoja kwa midundo mitano tofauti, wako wachache wa roki wanaoweza kuketi kitini pake wakamaliza usiku salama.

Kijana unayejifunza, usione haya kuwasikiliza Baker na Bonham. Lakini ukitoka hapo, nenda kaketi karibu na wazee wanaopiga vumi na chapuo, uulize, ushike, ukosee, urudie. Nawe mwenye hoteli, kabla hujabonyeza kidude, kumbuka kwamba mgeni anacho kinanda kama hicho kwao. Hakusafiri kutoka mbali kuja kukisikiliza hapa.

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Basi usiku bendi itakapomaliza na watu wakimpigia makofi mwimbaji, geuza uso kidogo, umtafute yule aliyeketi nyuma anayejifuta jasho. Mtunze na yeye.