Imenyesha, Lakini Imeanza?

Wiki ya mwisho ya Machi, Cheptiret hunukia vumbi lililoloa. Mvua ikipiga alasiri moja, hata kwa nusu saa tu, kesho yake asubuhi utawakuta watu wamesimama kando ya barabara kuu ya Eldoret kwenda Nakuru, pale magari ya Chuo Kikuu cha Moi yanapokata kona kuelekea Kesses, wakiulizana jambo lile lile. Mashamba yamelimwa mara mbili na mabonge yamepondwa. Mbegu imenunuliwa, mbolea iko stoo. "Wewe unayesoma mambo ya hewa, tupande ama tungoje?" Mimi huulizwa hivyo kila mwaka, na kila mwaka humeza mate kwanza.

Anayeuliza hataki kujua kama kesho itanyesha. Anataka kujua kama mvua ya jana ndiyo yenyewe au ni ya kudanganya. Hayo ni maswali mawili tofauti, na la pili ndilo linalowatoa jasho hata wenye kompyuta kubwa.

Kituo cha utabiri wa tabianchi cha jumuiya ya kikanda ya IGAD, ICPAC, kilichoko Ngong karibu na Nairobi, kina kipimo chake. Msimu huhesabiwa kuwa umeanza pale mvua ya milimita 20 au zaidi inapopatikana ndani ya siku 3, mradi katika siku 21 zinazofuata pasitokee ukavu wa siku 7 mfululizo. Sehemu hiyo ya mwisho irudie polepole. Maana yake ni kwamba siku ya kuanza kwa mvua haijulikani siku hiyo. Hujulikana wiki tatu baadaye, mtu akigeuka kuangalia alikotoka. Mkulima wa Cheptiret anatakiwa aamue leo juu ya jambo ambalo mwanasayansi atalithibitisha mwezi ujao.

Kipimo hicho hakikuokotwa njiani. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwa kila mita mraba. Ekari ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo milimita 20 ni sawa na kumwaga mitungi 4,047 ya lita 20 katika ekari moja. Yanasikika kuwa maji mengi, lakini jua la Machi katika nyanda hizi hukausha takriban milimita 4 hadi 5 kwa siku, na hapo hatujahesabu yanayotiririka mtaroni. Hesabu mwenyewe: siku nne au tano na akiba imekwisha. Mbegu ya mahindi nayo ikishanyonya maji ikavimba na kupasuka, hairudi nyuma. Ama ipate maji zaidi, ama ife na kijani chake kichanga. Kilo 10 za mbegu kwa ekari, pamoja na mbolea ya kupandia, zinakuwa zimezikwa bure.

Basi kwa nini watu wasingoje tu wiki tatu? Kwanza kwa sababu ya baridi. Cheptiret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi hiyo huyachelewesha mahindi kukomaa, na aina za nyanda za juu, kama H614 na H6213 za Kenya Seed, hukaa shambani nusu mwaka na zaidi. Ukichelewa kupanda unasukuma kila kitu mbele, mpaka uvunaji.

Sababu ya pili iko udongoni, na iligunduliwa hapa hapa Kenya. Miaka ya 1950 mtafiti H. F. Birch, akifanya kazi Muguga karibu na Nairobi, aliona kwamba udongo uliokauka sana ukiloweshwa ghafla hufanya kama mtu aliyeamshwa na njaa. Vijidudu vyake hulipuka kwa uhai, huozesha mboji kwa kasi na kuachia naitrojeni nyingi kwa siku chache. Wanasayansi duniani kote mpaka leo huita jambo hilo kwa jina la Birch. Mahindi yaliyopandwa mapema huikuta karamu hiyo mezani. Yanayochelewa hukuta mvua zimeshaisukuma naitrojeni chini, mizizi isikofika. Wazee waliosema shamba huwa na nguvu katika mvua ya kwanza hawakuwa wakibahatisha.

Na hili ni eneo linalojua thamani ya mvua. Mtoto akizaliwa wakati inanyesha, Wakalenjini humwita Kiprop akiwa wa kiume, na Jerop au Cherop akiwa wa kike. Hesabu akina Kiprop wa darasa moja tu la shule ya msingi, halafu uniambie kama watu hawa wanahitaji kufundishwa kutazama mawingu.

Tugeukie anga lenyewe. Ulaya Machi ni mwezi wa kuaga baridi na miti kuchipua. Sisi tuko karibu sana na ikweta, mstari unaokatiza barabara ile ile ya Eldoret kwenda Nakuru ukielekea kusini, kwa hiyo majira yetu hayapimwi kwa joto bali kwa maji. Tarehe 21 Machi au siku moja mbele yake, mnamo saa saba kasorobo mchana, jua husimama juu ya Cheptiret kabisa na kivuli cha mtu hujificha chini ya miguu yake. Ukanda ambamo pepo za kaskazini na za kusini hukutana, zikalazimika kupanda juu na kuangusha mvua, hulifuata jua hilo kwa kuchelewa wiki kadhaa. Kule pwani mabaharia walikuwa na jina la kipindi hiki kaskazi inapokufa na kusi haijashika: maleleji, wakati upepo haueleweki. Nalipenda neno hilo, na sijui kwa nini watabiri wetu hawalitumii.

Hata hivyo maleleji ya pwani hayatoshi kuieleza Cheptiret. Pepo za mashariki zinapofika huku zimeshapanda kuta za Bonde la Ufa na kupoteza maji mengi njiani. Mvua kubwa za nyanda za magharibi hupenda kuja siku ambazo upepo umegeuka, unavuma kutoka magharibi, ukibeba unyevu wa misitu ya Kongo na wa Ziwa Victoria, bwawa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000 linalotoa mvuke mchana na usiku. Mzee anayesimama uani jioni akitazama upande wa Nandi, badala ya kutazama mashariki, anafanya jambo ambalo watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds nchini Uingereza walilithibitisha kwa vipimo vya miaka mingi: siku za upepo wa magharibi ndizo zenye mvua nyingi katika eneo la ziwa na nyanda zake.

Kinachougeuza upepo huo kinaweza kuwa mbali kuliko mtu anavyodhani. Machi 2018 vimbunga Dumazile na Eliakim vilizunguka upande wa mashariki wa Madagaska. Kimbunga kikiwa pale huvuta hewa kama pampu, na hewa ya Kongo huburutwa kuja Afrika Mashariki. Masika ya mwaka ule yalianza kwa kishindo, na Mei tulikuwa tunazika watu wa Solai bwawa lilipopasuka. Machi 2019 kilikuja Idai, ila hiki kilikuwa upande wa pili, ndani ya mlango bahari kati ya Madagaska na Msumbiji. Mchezo ukageuka. Unyevu ulivutwa kusini, Beira ikasombwa, na sehemu kubwa ya Kenya ikakaa kavu hadi mwishoni mwa Aprili. Waliokuwa wamepanda kwenye vumbi wakitegemea mvua ya Machi walijuta. Kisiwa kimoja, pande mbili, na hatima mbili za mahindi ya kaunti yetu ya Uasin Gishu.

Nyuma ya vimbunga kuna wimbi kubwa zaidi, lililogunduliwa na Roland Madden na Paul Julian mwaka 1971 walipokuwa wakichambua vipimo vya upepo wa kitropiki. Ni eneo pana la mawingu na mvua linaloanzia zaidi Bahari ya Hindi na kusafiri kuelekea mashariki, likizunguka dunia kwa siku 30 hadi 60. Likiwa karibu nasi, nyanda za juu hupata mvua. Likienda Pasifiki, tunakaushwa. Kwa kuwa linatembea polepole, wimbi hili ni mojawapo ya vitu vichache vinavyompa mtabiri ujasiri wa kusema neno juu ya wiki ya pili na ya tatu, na hizo ndizo wiki zinazomuumiza kichwa mwenye mbegu.

Sasa chukua utabiri wa siku saba wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Utakuta Cheptiret imewekwa ndani ya kundi la nyanda za juu magharibi mwa Bonde la Ufa, pamoja na Kisii, Kericho, Nandi, Kakamega na Trans Nzoia. Utasoma kwamba asubuhi kutakuwa na jua, na alasiri mvua na ngurumo katika sehemu chache, au sehemu kadhaa, au sehemu nyingi. Maneno hayo matatu watu huyaruka, ilhali ndiyo utabiri wenyewe. Yanazungumzia ukubwa wa eneo litakaloguswa, wala hayazungumzii shamba lako. Wingu la radi la alasiri lina upana wa kilomita chache na huishi saa moja hivi. Linaweza kulowesha sokoni Cheptiret na kuacha vumbi kwa jirani.

Alama ya wingu lenye radi kwenye simu ni mbaya zaidi. Kuanzia Aprili itakuonyesha radi kila siku saa tisa mchana, na wala haisemi uongo, ila haikusaidii lolote. Kituo cha Ulaya cha utabiri, kinacholisha programu nyingi za simu, hugawanya dunia katika visanduku vya takriban kilomita 9 kwa 9 na kupiga hesabu ya anga mara 51, kila mara ikianza na tofauti ndogo. Hesabu 30 zikisema mvua na 21 zikisema la, simu yako inaona karibu asilimia 60, kisha inachora wingu moja. Katika nchi zetu za joto hesabu hizo hukosea zaidi kuliko za Ulaya, kwa sababu mvua yetu huzaliwa papo hapo kutokana na joto la mchana. Mvua ya mawe ndiyo haishikiki kabisa. Huko Nandi na Kericho inapiga mno, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtafiti Russell Schnell alionyesha kwamba hata majani ya chai yanayooza chini ya michai yanatoa chembe zinazosaidia barafu kuanza kuganda mawinguni. Mtabiri gani ataingiza takataka za michai katika hesabu zake?

Ninachokitafuta mimi katika utabiri wa wiki ijayo si siku ya mvua bali mfuatano. Je, "sehemu chache" ya Jumanne inakuwa "sehemu nyingi" kufikia Ijumaa, au inarudi kuwa jua? Upepo umetajwa kutoka wapi? Kuna kimbunga baharini, na kiko upande gani wa Madagaska? Siku saba ni theluthi moja ya zile siku 21. Theluthi ya kwanza ikiwa na maji, hatari kubwa ya mche imepungua. Mwaka 2025 India ilijaribu kwenda mbali zaidi: wakulima takriban milioni 38 walitumiwa ujumbe wa simu wenye utabiri wa kuanza kwa mvua wiki kadhaa mbele, uliotengenezwa kwa akili unde. Swali walilojibiwa ni hili hili la kando ya barabara.

Kinachokosekana zaidi kwetu ni kipimo cha mvua ya jana. Mkebe wowote wenye kuta zilizonyooka na kitako bapa, ukiwekwa mbali na miti na paa, pamoja na rula ya mtoto wa shule, unatosha. Mwaka jana mkebe wangu ulisoma 13 Jumanne, 4 Jumatano na sufuri Alhamisi. Jumla 17. Nilimwambia jirani tungoje, zimepungua milimita 3. Alinitazama kwa huruma. Alikuwa ameshapanda Jumatano. Jumapili ilinyesha vizuri, ikaendelea, na mahindi yake yalifika magotini wakati yangu yakiwa kwenye vifundo vya miguu.

Mwaka huu amekuja tena kuniuliza tupande ama tungoje. Trekta ilikuwa inanguruma nje ya geti.