Kiraka kichwani: Usikimbilie mafuta ya taa

Chukulia kwamba ni Jumamosi jioni na umempeleka mwanao kwa kinyozi hapo Mumbuni, ili Jumatatu aingie darasani akiwa nadhifu. Mashine inapanda kisogoni, kisha kinyozi anasita. Anakuita uje uone. Nyuma ya sikio la mtoto pana kiraka cha mviringo, ukubwa wa sarafu ya shilingi 20, kisicho na unywele hata mmoja.

Utafanya nini?

Wengi wetu huanza kwa kumshuku kinyozi na mashine yake. Halafu hujitokeza madaktari wa mtaani. Jirani atakwambia upake mafuta ya taa. Shangazi ataleta kitunguu saumu kilichopondwa. Mwingine atanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Kabla mwezi haujaisha, ngozi ya mtoto imebabuka, pesa zimekwenda, na kiraka kingali pale pale.

Kabla hujapaka chochote, jua ni kiraka cha ugonjwa gani. Viraka vya kichwani havina dawa moja.

Tazama kwa makini

Kikiwa na magamba, kinawasha, na nywele zimekatika karibu na ngozi, huenda hayo ni mapunye. Mapunye huletwa na kuvu na huambukiza kupitia vitana, kofia na mashine zisizosafishwa. Tiba yake ni dawa ya kumeza, kama vile griseofulvini, kwa wiki 6 au zaidi. Dawa ya kupaka peke yake haiyamalizi, kwa kuwa kuvu hujificha ndani ya unywele.

Nawe mama au binti, ikiwa nywele zinakutoka pembeni mwa paji la uso, kumbuka jinsi unavyosukwa. Misuko ya kubana huvuta nywele hadi mashina yakachoka. Ukilegeza mapema, nywele hurudi. Ukichelewa, mahali hapo huweza kubaki upara wa kudumu.

Lakini kiraka kikiwa laini, bila magamba wala kidonda, na kimetokea katika muda wa siku au wiki chache tu, yamkini ni ugonjwa ambao madaktari huuita alopesia areata. Ukingoni mwake huonekana vinywele vifupi vilivyokonda upande wa chini. Kucha nazo huweza kuwa na vishimo vidogo, kana kwamba zimedungwa kwa sindano. Hukadiriwa kwamba watu wapatao 2 katika kila 100 hupatwa nao wakati fulani maishani, watoto kwa watu wazima.

Askari amkamatapo mwenye nyumba

Ugonjwa huu hutokana na kinga ya mwili yenyewe. Chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huyageukia mashina ya nywele na kuyashambulia. Ni kama askari wa doria anayemkamata mwenye nyumba akidhani ni mwizi. Kwa hiyo hauambukizi. Mtoto hawezi kumpa mwenzake kwa kulalia mto mmoja wala kwa kuazimana kofia.

Jambo la kutia moyo ni kwamba shina la unywele hulala tu, halifi. Wengi wenye kiraka kimoja au viwili huota nywele tena katika muda wa mwaka mmoja, hata bila dawa. Zikianza kuota huweza kuwa nyeupe, kisha zikarudia rangi yake. Usiogope.

Tiba ikoje?

Kwa mtu mzima mwenye viraka vichache, daktari huweza kudunga dawa ya jamii ya steroidi, aghalabu triamsinoloni, ndani ya ngozi ya kiraka chenyewe. Sindano hizo hurudiwa kila baada ya wiki 4 hadi 6. Watoto wengi hawazistahimili kwa sababu ya maumivu, hivyo hupewa steroidi ya kupaka. Wengine huongezewa minoksidili ya kupaka.

Usijinunulie steroidi kiholela. Ikitumiwa vibaya hukondesha ngozi. Tena daktari huweza kutaka upimwe damu kwanza, maana kaswende nayo huleta viraka kichwani, na ugonjwa wa tezi ya shingo huweza kuandamana na alopesia.

Kwa waliopoteza sehemu kubwa ya nywele, kuna vidonge vipya. Marekani iliidhinisha barisitinibu kwa watu wazima mnamo Juni 2022, na ritlesitinibu kwa wenye miaka 12 na zaidi mnamo Juni 2023. Ni ghali, huhitaji uangalizi wa daktari, na nywele huweza kudondoka tena mtu akiziacha. Dawa ya kuung'oa ugonjwa huu moja kwa moja haijapatikana. Anayekuahidi hivyo anautaka mfuko wako.

Mkazi wa Mumbuni hana safari ndefu ya kuanza nayo. Hospitali ya Machakos Level 5 iko mjini. Uliza kuhusu daktari wa ngozi, na ikibidi, omba barua ya kwenda Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi.

Kidonda cha moyoni

Kiraka chenyewe hakiumi. Kinachouma ni kicheko cha wenzake mtoto, na mwalimu anayemrudisha nyumbani akidhani ana mapunye. Mzazi, omba hospitalini barua inayoeleza kwamba ugonjwa hauambukizi, uipeleke shuleni. Mwalimu, mruhusu avae kofia akitaka. Usimlazimishe.

Mbunge wa Marekani, Ayanna Pressley, alijitokeza hadharani Januari 2020 akiwa hana unywele hata mmoja, akaeleza kuwa ni alopesia. Aliendelea na kazi yake ya ubunge. Msimulie mwanao habari hiyo, kisha mpige picha ya kiraka chake leo na kuandika tarehe. Mwezi ujao mpige nyingine. Picha hizo zitamwambia daktari mengi.