Bata, Bata Bukini na Bata Mzinga



Leo nataka kusema nanyi juu ya ndege watatu wafaao kufugwa nyumbani: bata wa kawaida, bata bukini na bata mzinga. Katika Mkoa wa Songwe, toka vilima vya Ileje na Mbozi mpaka mabonde ya Momba, twafuga kuku, na aghalabu kuku peke yao. Lakini kila mwenye kuku aujua mdondo. Ukiingia kijijini waweza kumaliza banda zima kwa siku chache, na ada ya shule iliyotarajiwa ikapotea pamoja nao. Basi si busara mali yote ya banda kuwa ya namna moja.

Bata na bukini huweza kuambukizwa mdondo, lakini ni nadra kuugua. Kwa hiyo mara nyingi hubaki hai kuku wanapokufa. Hata hivyo waweza kuwapelekea kuku ugonjwa huo. Bata mzinga huugua kama kuku. Kwa sababu hiyo kuku na bata mzinga sharti wachanjwe: iko chanjo ya tone moja jichoni, nayo hurudiwa kila miezi 3. Mwulizeni bwana mifugo wa kata yenu.

Anayeanza na aanze na bata. Aliyeenea vijijini ni yule mwenye nyama nyekundu usoni, ambaye asili yake ni Amerika ya joto. Huyu huatamia mayai yake mwenyewe kwa siku 35, na dume mmoja awatosha majike 5. Watu hudhani kwamba hawezi kuishi pasipo bwawa; sivyo. Yatosha chombo cha maji chenye kina cha kuzamisha mdomo na pua, kikae karibu na chakula, maana bata akila pumba kavu bila maji husongwa. Vifaranga vya bata vilivyoanguliwa na kuku visiachwe kuogelea, kwa kuwa havikupata mafuta ya manyoya ya mama yao; hulowa, hupata baridi na kufa.

Wa pili ni bukini. Jina lake latokana na Bukini, yaani jina la kale la kisiwa cha Madagaska. Chakula chake kikubwa ni majani mabichi, kwa hiyo hana gharama nyingi mahali penye malisho. Lakini bustani ya mboga na izungushiwe ua. Hutaga mayai machache, huyaatamia siku 30 hivi, na huishi miaka mingi. Tena mgeni akikaribia usiku, hupiga kelele kama mlinzi.

Wa tatu ni bata mzinga, mwenye nyama nyingi na bei nzuri kuliko wenzake, lakini ataka uangalifu zaidi. Mayai yake huanguliwa kwa siku 28. Vifaranga vyake hukawia kujua kula; viwekeeni yai lililochemshwa na kukatwakatwa pamoja na majani laini, na kuvichovya midomo majini. Majuma 6 ya kwanza visilowe wala kupigwa na baridi, hasa mwezi wa Juni na Julai huko Mbozi. Tena visilelewe mahali palipochakurwa na kuku. Minyoo ya kuku hubeba kijidudu ambacho kuku hakimdhuru sana, lakini humharibu bata mzinga maini na utumbo, akanya kinyesi cha manjano na kufa.

Sasa lipo jambo moja liwahusulo wote watatu. Ni desturi yetu kusema, “Mahindi haya yameota ukungu, wapeni kuku.” Desturi hiyo ni mbaya. Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na watu hawakujua sababu. Wataalamu walipochunguza waliona kwamba walilishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Sumu hiyo sisi twaiita sumukuvu, nayo haiondoki kwa kupikwa. Vifaranga vya bata na vya bata mzinga hudhurika upesi sana kwa sumu hiyo, na wanadamu pia hudhurika. Anikeni mahindi na karanga juu ya turubai, si juu ya ardhi tupu, mkayaweke ghalani yakiwa makavu kabisa. Yenye ukungu yafukieni.

Ninyi wanafunzi, kazi yenu ni daftari. Andikeni siku ndege alipoanza kuatamia, mayai mangapi, vifaranga vingapi vilianguliwa na vingapi vilikua. Hapo wazee watajua ni ndege gani anayewaletea faida, na ni yupi anayekula pumba bure. Mali bila daftari huisha bila habari.