Deni Lililolipwa, Hofu Iliyobaki

Tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi, kwa muafaka wa nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaana. Na ijapokuwa shauri lenyewe lilikuwa la hekima, kwa mwanamke wa Kapalamsenga, huko Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, ambaye alikuwa amekopa mtaji wa kuchuuza dagaa, ziwa lilifungwa lakini marejesho ya kila wiki hayakufungwa.

Mikopo ya namna hiyo umma umeiita kausha damu, na mimi sijaona istilahi ya wanazuoni iliyolenga zaidi, kwa kuwa dhiki ya fedha, ijapokuwa huhesabiwa daftarini, makazi yake ni mwilini. Nami nalipata kudaiwa. Miaka miwili baada ya kulipa senti ya mwisho, kila pikipiki iliyozima mlangoni pangu ilinikata maini, nikajikuta nimesimama nyuma ya pazia nikizuia pumzi, hali ya kuwa aliyekuja ni jirani aliyeleta mihogo.

Wala dhiki hiyo haiishii mwilini, huingia hata akilini. Mwaka 2013 mchumi Anandi Mani na wenzake walitangaza utafiti wao juu ya wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, kule India, ambao walipimwa akili kabla ya mavuno, mikono ikiwa mitupu, kisha wakapimwa tena baada ya kuuza. Na watu wale wale walionekana wazito wa fikra katika msimu wa ufukara, wepesi katika msimu wa neema. Basi tusimwite mpumbavu mkulima anayeuza mahindi yangali mabichi shambani kwa bei ya kutupa, maana wasiwasi umekwisha kumla nusu ya akili aliyoihitaji ili akatae.

Lakini katika madhila yote haya, linalonichoma zaidi ni tahayuri. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni. Na wakopaji wengi walikuwa wamelalamika kwamba, wakichelewa kulipa, wakwe zao, waajiri wao na hata masheikh na mapadri wao hutumiwa ujumbe wa kuwaumbua. Fedheha ndiyo iliyowekwa rehani. Na mwenye kuificha humzidishia mdai nguvu, kwani ndiyo silaha yake. Kwa sababu hiyo navihusudu vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA, si kwa hisa zake tu, bali kwa sanduku lile lenye kufuli tatu linalofunguliwa mbele ya wote, ambapo kila mmoja hutamka deni lake kwa sauti na hakuna anayeshtuka.

Mimi sikuwa na kikundi. Nilimwendea dada yangu mkubwa, nikamtajia kiasi chote, pamoja na kile nilichomficha mke wangu. Alinyamaza kitambo, kisha akamwita mwanawe alete kalamu na daftari la shule, tukaandika jina moja baada ya jingine mpaka taa ikaishiwa mafuta. Usiku ule nililala hadi jogoo wa pili.