Kabla ya Kumkabidhi Fundi Fedha za Korosho

Katika vijiji vya Nalasi, wilayani Tunduru, nyumba nyingi za kudumu hujengwa kwa fedha za korosho. Mauzo hufanyika kwa mnada kuanzia mwezi Oktoba, na malipo huingia katika akaunti za wakulima kupitia vyama vya msingi vya ushirika. Kipindi hicho ndicho pia mvua hukaribia. Mkulima aliyesubiri mwaka mzima hujikuta ana fedha, mawingu yametanda, na fundi yuko mlangoni akihimiza kazi ianze kesho. Uamuzi ukifanywa kwa pupa, jasho la msimu mzima huishia katika kuta zisizo na paa, na fedha nyingine haitarajiwi hadi mikorosho izae tena.

Mkandarasi na fundi

Mkandarasi ni mtu au kampuni iliyosajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), iliyoundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1997. Makandarasi wa majengo wamegawanywa katika madaraja 7, la kwanza likiwa la kazi kubwa zaidi. Anayejitambulisha kwa jina hilo aombwe cheti cha usajili, na jina lake lihakikiwe katika orodha ya Bodi.

Hata hivyo, nyumba nyingi za vijijini hujengwa na mafundi wa kawaida. Baadhi yao wana vyeti vya VETA, wakiwemo waliojifunza kazini kisha ujuzi wao ukapimwa na kurasimishwa. Cheti ni dalili njema, lakini hakitoshi peke yake.

Mvua ndiyo mkaguzi

Fundi aombwe kuonyesha nyumba zisizopungua tatu alizojenga, na mojawapo iwe imepita masika mawili au zaidi. Nyumba mpya yenye rangi haisemi mengi. Iliyonyeshewa husema: nyufa kwenye pembe za milango na madirisha, unyevu unaopanda ukutani, sakafu iliyotitia, bati linalovuja kwenye misumari. Mwenye nyumba naye aulizwe fundi akiwa hayupo: je, kazi ilikwisha kwa muda uliokubaliwa? Vifaa viliongezwa mara ngapi? Kasoro ilipojitokeza, fundi alirudi?

Makubaliano ya maandishi

Sheria ya Mikataba, Sura 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo. Ugumu huja wakati wa kuyathibitisha. Karatasi moja inatosha, ikiwa na majina na saini za pande mbili, mashahidi, ramani au vipimo vya nyumba, bei ya ufundi, tarehe ya kuanza na kumaliza, pamoja na nani atanunua vifaa na kulipa vibarua. Ubora nao uandikwe: kwa mfano, zege la saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, au bati la geji 28, ambalo ni nene kuliko la geji 30. Kila upande ubaki na nakala yake.

Malipo kwa hatua

Fundi aliyelipwa fedha zote mwanzoni hana kinachomrudisha kazini. Malipo yagawanywe kufuata kazi: msingi, kuta hadi lenta, kupaua na kuezeka, kisha lipu na sakafu. Kila hatua ilipwe baada ya kukaguliwa, na kiasi fulani kibakizwe hadi kasoro za mwisho zirekebishwe. Mwenye nyumba naye alipe kwa wakati, kwa kuwa fundi anayecheleweshewa haki yake hutafuta kazi kwingine.

Inapowezekana, mwenye nyumba anunue vifaa mwenyewe, adai risiti na kuangalia alama ya ubora ya TBS. Mifuko ya saruji iliyotumika ihesabiwe kila jioni. Zege nalo limwagiliwe maji kwa siku zisizopungua 7.

Kusubiri si hasara

Mvua zikiwa zimekwisha kuanza, si lazima ujenzi uanze. Bati na nondo zinaweza kununuliwa na kuhifadhiwa pakavu hadi kiangazi. Saruji inunuliwe kazi inapokaribia, kwa sababu hupoteza nguvu ikikaa muda mrefu. Miezi hiyo ya masika itumike kukagua nyumba ambazo fundi alikwisha kujenga.

Pa kuanzia

Kabla ya kuchimba msingi, mkazi afike ofisi ya Mtendaji wa Kijiji kuthibitisha mipaka ya eneo lake. Mwenye kiwanja kilichopimwa aulize kuhusu kibali cha ujenzi katika Halmashauri. Mgogoro ukitokea, makubaliano yale ya maandishi ndiyo yatakayowasilishwa mbele ya viongozi na, ikibidi, Mahakama ya Mwanzo. Asiye na karatasi atabaki na maneno yake dhidi ya maneno ya fundi.