Msokoto wa Tumbo na Muhogo wa Haraka

Wasomaji wetu wa Tandahimba, Newala na Masasi wajua ya kuwa msokoto wa tumbo si ugonjwa mmoja, bali ni ishara ya magonjwa mengi. Maji machafu huuleta, minyoo huuleta, hata choo kigumu huuleta. Lakini iko sababu moja isahauliwayo mara nyingi, nayo hutoka jikoni: muhogo mchungu usiotengenezwa vyema.

Muhogo huo ukitwangwa au kulowekwa, hutoa sumu iitwayo sayanidi. Sumu hiyo huruka hewani ikipewa muda. Basi kuloweka siku kadhaa na kuanika sana si kazi ya bure, ndiyo kinga yenyewe. Tena ukame huzidisha sumu ndani ya mizizi. Ukame huleta njaa, na njaa huleta haraka.

Mwaka 1988, chakula kilipopungua wilayani Masasi, watu walitwanga muhogo mbichi, wakauanika saa chache, wakautwanga tena na kuupika. Njia hiyo huitwa chinyanya. Waliokula wakashikwa na kutapika, kizunguzungu na udhaifu. Na sumu ikiliwa majuma mengi, bila kunde, samaki wala nyama ya kutosha, huweza kupooza miguu isipone kamwe. Ugonjwa huo huitwa konzo.

Twajua kwamba juu ya uwanda wa Makonde maji ya kuloweka ni ya taabu. Lakini iko njia itakayo maji kidogo. Chukua unga wa muhogo, uchanganye na maji mpaka ulowe wote, uutandaze juu ya ungo au mkeka safi, unene usizidi kidole. Uuache kivulini saa 5, au juani saa 2, kisha upike siku hiyo hiyo.

Wakishikwa na tumbo watu kadhaa wa nyumba moja, saa chache baada ya mlo mmoja, na vichwa vikiwauma na kutapika, chakula hicho kiachwe, nao wapelekwe zahanati upesi, hasa watoto, na mganga aelezwe walichokula. Vile vile asikawizwe mwenye damu chooni au tumbo gumu.

Twawaomba viongozi wa vijiji na walimu wayafundishe haya kabla ya miezi ya njaa. Haraka haraka haina baraka, na katika muhogo mchungu huua.